Saa ya duara jekundu, baada ya miezi minne

Nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa shilingi 28,000. Muuzaji alianzia 40,000, tukavutana mpaka tukakutana hapo. Boksi lake halina jina la kampuni linalosomeka, limejaa maandishi ya Kichina na picha ya mtoto anayepiga mswaki. Yeye aliiuza kama taima ya jikoni, ya kupimia keki. Mimi nilikuwa nimetumwa na hospitali.

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyetoka kliniki wiki hii na karatasi iliyoandikwa ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kuzingatia na kujizuia, ameiweka kwenye pochi na hajui amwambie nani. Miezi minne iliyopita mzazi huyo alikuwa mimi.

Mwanangu ana miaka minane, yuko darasa la pili. Amebeba jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Babu. Babu ukimtuma chumvi dukani anarudi na kizibo cha soda alichookota, chumvi hana, hela hana, na ukimuuliza anakutazama kwa mshangao wa kweli. Hadanganyi. Ile chumvi imetoka kichwani kama haikuwahi kuingia. Shuleni daftari zake zilijaa wino mwekundu: hakumaliza, hakumaliza, ameondoka kwenye dawati. Alichapwa viboko kwa hilo. Nami nyumbani nilimchapa, tena zaidi ya mara moja, na kila nikikumbuka roho inaniuma, kwa sababu nilikuwa nampiga mtoto kwa kitu asichokiweza.

Hospitali daktari hakuamua siku moja. Alitupa fomu mbili, moja yangu na moja ya mwalimu wake, akaeleza kwamba tabia hizi lazima zionekane sehemu zaidi ya moja, ziwe zimedumu angalau miezi 6, na ziwe zimeanza kabla ya mtoto kufika miaka 12. Kisha akamgeukia mume wangu akamuuliza yeye utotoni alikuwaje. Mume wangu ni fundi bomba, si mtu wa maneno mengi. Akasema alirudia darasa la nne, na shuleni walimwita kichwa maji. Daktari akasema kwa upole kwamba hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa, haitokani na malezi mabaya wala sukari. Tuliporudi, mume wangu aliangalia nje ya dirisha la daladala mpaka tukapita Buguruni, hakunisemesha. Usiku ndipo aliponiambia, "Kumbe nilikuwa nachapwa bure."

Majirani walisema ni usonji (autism). Si usonji, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Mama mkwe alileta kombe kutoka kwa shehe wa kwao, nikampa Babu akanywa, maana ni maneno ya Mungu na mama alikuwa na huzuni yake na yeye. Kisha Jumatatu tukaenda kliniki kama tulivyopangiwa. Sikuona kwa nini kimoja kizuie kingine.

Kliniki ndiko nilikosikia habari ya saa. Dada mmoja wa tiba kwa vitendo, anayewasaidia watoto kuzimudu shughuli za kila siku, alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: watoto wengi wenye ADHD hawausikii muda ukipita. Wewe ukikaa jikoni unajua kwa ndani kwamba wali umeshakaa kama dakika kumi. Kwa Babu kuna vipande viwili tu, sasa na siyo sasa. Ukimwambia "bajaji inakuja baada ya dakika ishirini," umemwambia siyo sasa, na siyo sasa ni sawa na kesho, ni sawa na Sikukuu ya Idi. Akaongeza kwamba mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliopima ubongo wa watoto waliona sehemu ya nje ya ubongo, hasa ile ya mbele inayohusika na kupanga na kujizuia, hukomaa kwa kuchelewa kwa watoto hawa: wasio na ADHD hufikia kilele cha unene wake kwenye miaka 7 na nusu hivi, wenye ADHD kwenye 10 na nusu. Hukomaa kwa mpangilio uleule, ila kwa kuchelewa. Kwa hiyo katika kusubiri na kujipanga nisimdai Babu kama mtoto wa miaka minane. Nimdai kama mdogo wake wa miaka mitano, nimsaidie kama ninavyomsaidia yeye.

Hilo peke yake lilitosha kuniondolea hasira nusu.

Sasa saa yenyewe. Ni kisanduku cha plastiki cheupe, upana wake kama sahani ya kikombe, kinasimama chenyewe mezani. Kina uso mmoja wenye dakika 60 na kitufe katikati. Ukizungusha kitufe, duara jekundu linajitokeza na kufunika uso mpaka dakika unayotaka. Ukiachia, wekundu unaanza kupungua wenyewe, taratibu, mpaka unaisha kabisa, kisha inalia. Basi. Inatumia betri moja ya AA. Haina namba zinazowaka wala muziki, na hilo nalipenda.

Namba zake zimepangwa kinyumenyume, 15 iko kushoto mahali ambapo saa ya ukutani ina 9. Mwanzo ilinichanganya mimi, Babu haikumchanganya hata kidogo kwa sababu namba hazitazami. Anatazama wekundu. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini saa ya ukutani ilitushinda. Fikiria tunachomdai mtoto wa Kiswahili: mshale mfupi uko kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Shuleni kwenye somo la Kiingereza wanamwambia ni tisa. Mshale mrefu uko kwenye 4, hiyo siyo nne, ni dakika ishirini. Mtoto aliyetulia hujifunza, hata kama kwa shida. Babu alikuwa anakata tamaa kabla mshale haujasogea. Saa hii haimwambii ni saa ngapi. Inamwambia kimebaki kiasi gani, naye anakiona kama anavyoona uji ukipungua kwenye bakuli.

Saa za aina hii zilianzia Marekani, mikononi mwa mama kama mimi. Jan Rogers wa Cincinnati aliibuni mwaka 1994 kwa sababu binti yake wa miaka 4 alikuwa hachoki kuuliza bado muda gani. Ya kwake inaitwa Time Timer na inauzwa mpaka leo. Yangu ni ya kuiga, haina jina, na hayo nitakayoilalamikia ni ya hii yangu ya Mtaa wa Kongo.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Naandika ukweli. Niliiweka mbele yake asubuhi, dakika 10 za kuvaa. Babu akakaa kitandani na soksi moja mkononi, akaitazama saa dakika zote kumi. Hakupepesa. Ilipolia akashtuka, akaanza kulia, na bajaji ya shule ilipopiga honi alikuwa bado kifua wazi. Siku ya tatu akagundua kwamba kitufe kinazunguka pande zote mbili, akawa anaurudisha wekundu nyuma. Siku ya tano mdogo wake Zuhura naye akaitaka, wakagombana, ikaanguka sakafuni na kioo cha mbele, ambacho ni plastiki nyembamba, kikapata ufa. Nilitaka kuitupa. 28,000 ni gauni mbili za kushona kwangu.

Niliporudi kliniki, yule dada aliniuliza swali moja: "Mama Babu, ulianza na jambo gani?" Nikasema kuvaa. Akatikisa kichwa. Akasema nimeanza na kitu asichokipenda, asubuhi, wakati wote tuna haraka, kwa hiyo saa imekuwa askari. Turudi nyumbani tuisahau asubuhi kwa wiki mbili. Tuitumie kwa vitu vitamu tu, na kitufe azungushe mwenyewe. Tena isikae mbele ya macho yake. Ikae pembeni, juu kidogo, mahali anapoweza kuiibia jicho huku anafanya kazi.

Basi tukaanza na mpira. Dakika 20 za mpira uani kabla ya kwenda madrasa, yeye mwenyewe anazungusha, anaiweka juu ya pipa la maji. Zamani kumtoa kwenye mpira ilikuwa vita. Namwita mara tano, mara ya sita nakwenda kumvuta mkono, tunaingia ndani sote tumekasirika. Siku ya nne au ya tano ya mtindo mpya nilimwona akikimbia na mpira, akageuka kutazama pipa, akapunguza mwendo. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nikaacha kukanyaga. Wekundu ulikuwa umebaki kama kipande chembamba cha tikiti. Akacheza kidogo tena, akatazama tena, akapiga mpira wa mwisho ukutani kwa nguvu, na ilipolia alikuwa tayari ameshauchukua mpira mikononi. Akaja kunawa miguu, hakuna aliyemwita.

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Miaka minane sikuwahi kumwona mtoto huyu akimaliza kitu mwenyewe.

Baada ya hapo asubuhi tukaigawa vipande vitatu: kuvaa dakika 10, uji 15, viatu na mkoba 5. Tunaamka saa kumi na moja na nusu, bajaji inapita saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kuna nafasi ya kukosea. Katikati ya vipande anakuja kunigusa bega, nami namwambia kinachofuata, kimoja tu. Sisemi tena "vaa, kunywa uji, chukua mkoba, usisahau daftari la hesabu." Hayo manne kwake yalikuwa kelele. Kazi za nyumbani za shule anafanya dakika 10, anaruka ruka 5, anafanya 10 tena. Mwalimu wake wa sasa, Mungu ambariki, alikubali kupunguza hesabu kutoka kumi hadi sita. Sita anazimaliza, na nyingi zinakuwa sahihi. Kumi alikuwa haanzi.

Lakini jambo kubwa ambalo saa hii imelifanya, na ambalo boksi haliliandiki, limenihusu mimi.

Sisi tuna maneno yetu. Nakuja sasa hivi. Bado kidogo. Hivi punde. Subiri dakika mbili. Kwa watu wazima hayana neno, kila mtu anajua sasa hivi ya fundi ni ya jioni na bado kidogo ya konda ni mpaka gari lijae. Nilikuwa namwambia Babu hayohayo siku nzima. "Mama, tucheze karata." "Sasa hivi, baba, nimalizie huu mshono." Mshono unaleta mshono mwingine, mteja anaingia, giza linaingia. Kisha mimi huyohuyo nikisema "acha mpira sasa hivi," nataka aache sekunde ileile. Neno lilelile, na mtoto ambaye muda hauhisi hana pa kushika.

Siku moja nilimwambia dakika 10 tutacheza karata. Akazungusha kitufe, akaiweka saa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mara akaingia mteja wa harusi, dada mwenye haraka, gauni limejaa pini, tukaanza kurekebisha kiuno. Nikasahau. Nikasikia inalia, halafu kimya, halafu Babu amesimama pembeni yangu ameikumbatia saa kifuani. Hakupiga kelele, hakunivuta gauni kama zamani. Alisema tu, "Mama, nyekundu imeisha."

Nilimtazama mteja, nikamtazama mwanangu. Nikamwomba yule dada samahani, nikamvika kanga mabegani, nikamwambia anipe dakika 15, nimemwahidi mtoto. Alikunja uso kidogo kisha akakaa. Babu akazungusha mwenyewe 15, tukaketi mkekani, tukacheza. Ilipolia alizikusanya karata akasema, "Haya nenda kwa mteja." Yule dada amerudi kwangu mara mbili tangu siku hiyo.

Tangu hapo nikitamka dakika, namaanisha dakika. Kama sijui, nasema sijui. Hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Ila ukiinunua saa hii kisha ukawa unaitii pale tu inapokufaa wewe, usitegemee kitu. Mtoto ataona haraka kwamba wekundu unamhusu yeye peke yake, na ataichukia kama alivyochukia fimbo.

Kasoro zake ni hizi. Mlio ni mkali mno. Nyuma kuna swichi ya kupunguza sauti, lakini kwenye hii yangu ndogo na kubwa hazina tofauti. Nimebandika vipande viwili vya selotepu juu ya matundu ya spika na sasa inavumilika, na kama mtoto wako anaumizwa na sauti, lifanye hilo siku ya kwanza. Kitufe kiling'oka mwezi wa pili, nikakigandisha na gundi ya viatu, kimeshika. Muda mfupi haiupimi vizuri: niliilinganisha na simu, saa nzima ilitofautiana kwa chini ya dakika moja, lakini ukiweka dakika 5 inaweza kulia ikiwa bado kama nusu dakika. Kwa mpira si neno. Kwa mayai tumia simu. Betri iliyokuja nayo ilikufa wiki ya pili, niliyonunua mwenyewe bado iko.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie simu, zipo programu za bure zenye duara lilelile. Nilijaribu. Simu kwa Babu ni simu, ndani yake kuna katuni, na akiishika hasemi tena habari ya muda. Pia mimi simu yangu inaita wateja. Kama hela haipo kabisa, yule dada wa kliniki alinionyesha njia nyingine: chukua saa ya ukutani ya kawaida, zile za 7,000 au 8,000, na kalamu ya ubao mweupe. Paka rangi kwenye kioo kuanzia mshale mrefu ulipo mpaka unapotaka ufike. Mshale unakula rangi. Ukimaliza unafuta kwa kitambaa. Tulifanya hivyo wiki ile kitufe kilipong'oka na ilitusaidia, ila inataka mkono wako kila mara.

Nisimpe mtu tumaini la uongo. Saa haijamzuia Babu kupoteza penseli, tunanunua kila wiki. Haijamfanya alale mapema. Bado anamkatiza bibi yake akizungumza, bado akikasirika anarusha kilicho karibu, na wiki iliyopita alirusha mkasi wangu. Kliniki tunaendelea kila mwezi, na semina ya wazazi pale imenifundisha mengi kuliko kifaa chochote, hasa kumsifu papo hapo na kwa jambo lenyewe, "umekunja shati vizuri," kuliko kumwambia mtoto mzuri. Dawa zipo, daktari ametueleza faida na madhara yake, na tumekubaliana kuzizungumza tena mwisho wa muhula. Kama mwanao ameshaandikiwa, usimwachishe kwa sababu umenunua saa.

Ustadhi wa madrasa ameniomba nimletee moja. Ameona Babu anakaa na juzuu yake dakika 10 bila kuinuka, anaenda kunywa maji, anarudi. Zamani alikuwa akimweka mlangoni.

Ukienda Kariakoo usiulize saa ya watoto wa ADHD, hawatakuelewa. Uliza taima yenye duara jekundu linalopungua, kwenye maduka ya vyombo vya jikoni na ya vifaa vya shule. Mwambie afungue boksi na atie betri. Zungusha kitufe mpaka dakika 5, usimame hapohapo dukani mpaka wekundu uishe na uisikie inalia, hata kama muuzaji anakuambia ni nzima, mama, nenda tu.